Ngatia Wawili, Pipino Wawili

Nianze na mfalme, kwa sababu bila huyo mfalme Fabian hangefungua dirisha.

Mimi ni askari wa geti kwenye shule moja hapa Al Rayyan, Qatar. Madereva wa familia hufika mapema kabla watoto hawajatoka, wanapanga magari pale kwa kivuli cha ukuta, AC inanguruma, wanangoja. Kungoja ndio kazi yenyewe ya dereva wa nyumba huku. Kuendesha ni kitu kidogo tu katikati. Na mimi supavaiza akizunguka upande wa pili, natoa simu nasoma. Nikipata kitu kitamu siwezi kukaa nacho peke yangu, kitanichoma mdomo. Siku hiyo nilikuwa nimepata Wafaranki.

"Omondi, sikia hii! Hawa watu walitawala huko Ulaya zamani sana, kabla Ufaransa iwe Ufaransa, na majina yao ni yale yale wanazungusha! Klotari wa kwanza, Klotari wa pili, wa tatu, wa nne. Teodoriki kibao. Na Pipino, aki Pipino usiseme!"

Omondi anaendesha Land Cruiser nyeupe ya familia moja huko mbele. Alikuwa amekalia kiti cha plastiki cha geti, miguu juu ya jiwe.

"Walikosa bando ya kutafuta mengine?"

"Si kukosa. Jina lilikuwa kama tikiti. Ukipewa jina la mfalme aliyekufa, kila mtu anajua wewe uko kwa foleni ya kiti. Ukinyimwa, pia wanajua."

"Kwetu ukiita Omondi sokoni, nusu ya soko inageuka, na hakuna hata mmoja ako na kiti."

"Wewe uko nacho. Na ni changu, toka."

Akacheka, hakutoka. Nikaendelea nimesimama, kwa sababu nilikuwa nimefika pale pazuri. Kuna huyu Karolo Mkuu, yule mfalme mwenyewe, babake aliitwa Pipino. Karolo akapata kijana wa kwanza, akamwita Pipino, jina la mzee. Kijana uso mzuri lakini mgongo umepinda, watu wakamwita Pipino Kibiongo. Baadaye Karolo akaoa mwingine, Hildegadi, akapata watoto wengine wa kiume. Mmoja wao alikuwa anaitwa Karlomano. Sasa shika hapo! Huyo Karlomano akiwa bado mtoto mdogo, babake akampeleka mpaka Roma kwa Papa. Papa akambatiza, akambadilisha jina. Na jina alilopewa ni nini?

"Omondi," akasema Omondi.

"Pipino! Na yule mkubwa yuko hai! Yuko nyumbani! Anaitwa Pipino! Mdogo akapakwa mafuta, akapewa Italia yote atawale, na mkubwa akabaki pale na jina lake kama koti lenye limeshachukuliwa na mwingine."

Hapo ndio dirisha la GMC ya kijivu likashuka. Fabian. Ni mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, Mkikuyu wa Ol Kalou, na kwa kawaida kungoja kwake ni kulaza kiti na kufunga macho. Nilikuwa nafikiri amelala.

"Brando. Huyo wa kwanza, babake alikuwa anamwita nani baada ya hapo?"

"Vipi, kumwita nani?"

"Wakiwa nyumbani. Mezani. Akitaka chumvi."

Nikaangalia simu. Nikapandisha, nikashusha. "Haijaandikwa."

"Mambo ya maana hayaandikwangi," akasema, na dirisha likapanda.

Nilimfuata mpaka mlangoni, si unanijua. Nikagonga kioo. Akanifungulia upande wa abiria, nikaingia kwa ile baridi, na nikasahau kabisa kwamba niko kazini.

"Mimi naitwa Fabian Ngatia," akaniambia. "Ngatia ni baba ya babangu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la baba ya babake. Si kwa kupenda, ni lazima. Ni kama umemzaa yule mzee tena. Kwa hivyo baba yako hakuiti jina lako, anakuita Baba. Kwa sababu wewe ni babake. Mimi nimekua nikiitwa hivyo. 'Baba, leta maji. Baba, fungia ndama.' Na akiwa na wageni anasema, 'Mwulizeni Baba, ndiye mwenye boma.' Nilikuwa hivi." Akaonyesha urefu, chini ya usukani.

"Halafu?"

"Halafu akaoa nyumba ya pili. Na nyumba ya pili pia ina haki yake, kijana wa kwanza wa pale naye ni Ngatia. Hiyo sijalalamika, ndio desturi. Akazaliwa Shaun. Shaun Ngatia. Na mwezi huo huo, Brando, mzee akaniita Fabian. Nilikuwa nje naosha mtungi wa maziwa. 'Fabian, kuja hapa.' Nilifikiri anaita mgeni. Kutoka siku hiyo mpaka leo sijawahi kuwa Baba. Ikawa ni Shaun."

Nikasema kile kilikuwa mdomoni. "Pipino Kibiongo alimgeukia babake na jeshi. Yaani alikula njama na wakubwa wengine wamuue mzee. Wakakamatwa. Wenzake wengine wakanyongwa, yeye akanyolewa nywele akapelekwa kwa watawa."

"Mimi sikuhitaji jeshi," akasema Fabian. "Nilipopata kijana wangu wa kwanza, Bradley, ilikuwa aitwe Gatheru. Gatheru ndio jina la mzee. Alikuwa anangojea hiyo siku vile watu wanangojea mvua. Nikampa mtoto jina la baba ya bibi yangu. Muturi. Bradley Muturi. Nikasema, acha mzee naye asikie. Wa pili akija nitampa Gatheru, nimechelewesha kidogo tu, kama adhabu. Wakaja wasichana watatu. Halafu daktari akamwambia bibi yangu Milcah basi, mwili umechoka."

Kengele ya shule ikalia. Nikatoka mbio, supavaiza alikuwa tayari amesimama kwa geti langu mikono kiunoni, nikasikizishwa yangu. Lakini kabla sijafunga mlango Fabian alikuwa ameniambia kile kitu kingine, haraka, akiangalia mbele.

"Mzee yuko hapa."

"Hapa wapi?"

"Umm Salal. Kwa Shaun. Bibi ya Shaun amejifungua kijana. Wamemwita Gatheru. Shaun akamtumia mzee tikiti aje aone jina lake. Anarudi Jumatatu."

*

Shaun ni nesi, na mimi namjua kwa simu tu. Tuko grupu moja ya Wakenya wa Doha, ile ya matangazo ya vyumba na maombi na chapati za kuagiza. Nilikuwa nimetupa hadithi ya Pipino pale kwa sauti, yeye akaweka kicheko. Sikujua ni ndugu ya Fabian mpaka nikaangalia jina lake vizuri. Nikamwandikia kwamba namwona ndugu yake kila siku hapa getini, bila kumuuliza Fabian. Shaun alijibu mara moja: "Mwambie aje Ijumaa. Namwandikia kila siku hanijibu. Mzee anashinda kwa dirisha anaangalia magari."

Nikampelekea Fabian simu, nikamshikia mbele ya uso. Alisoma, akasoma tena.

"Anaangalia magari anatafuta nini? Hata hajui naendesha gari gani."

"Ndio maana anaangalia yote," nikasema.

Akakubali. Kwa masharti. Alisema ataenda, lakini hataomba kitu, na hatasema neno la kale. Anataka kusikia mzee atamwita nani. Akimwita Baba, basi, mambo yote yameisha, ataketi chini kama mtoto. Akimwita Fabian, atakunywa chai aseme asante aondoke. Na akaniambia niende naye, kwa sababu nikiwa pale hakutakuwa na kimya.

Ijumaa mchana Madam wake alimpa masaa machache ya mapumziko lakini si gari, kwa hivyo tukashika metro mpaka juu kaskazini halafu teksi. Fabian alikuwa amevaa shati jeupe limepigwa pasi mpaka lina makali. Alikuwa amenunua kofia ya mzee, nzuri, ya sufu, kwa joto hili! Muuzaji alituangalia kama wagonjwa.

"Ol Kalou ni baridi," Fabian akamwambia kwa Kiswahili, na yule Mhindi wa Kerala akatingisha kichwa kama amesikia.

Shaun alitufungulia mlango wa fleti. Anafanana na Fabian vile mtu anafanana na picha yake ya zamani. Alitaka kumkumbatia, Fabian akatoa mkono, ikawa mkono kwa bega, kitu katikati. Tukavua viatu. Valerie, bibi yake, akapiga kelele ya furaha kutoka jikoni, "Baba Bradley! Hatimaye!" na mzee akageuka pale dirishani.

Mzee Gatheru ni mwembamba, mrefu, koti na sweta ndani ya nyumba yenye AC, na mikononi alikuwa na mtoto amefungwa kwa shuka, kichwa tu kinaonekana. Akatuangalia.

"Karibu, Fabian," akasema.

Basi. Fabian akaitikia. "Asante, mzee. Habari ya safari?"

"Safari nzuri. Ndege haina shida."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani salama. Viazi vilioza kidogo."

Wakakaa mbali, kochi mbili tofauti. Fabian akatoa kofia, mzee akaivaa hapo hapo, akasema ni nzuri. Chai ikaja. Walikuwa wakiongea Kiswahili kwa sababu yangu, na hiyo ilifanya kila neno liwe la adabu, kama watu wako ofisini. Shaun akaona vile mambo yanakauka, akanigeukia.

"Si wewe ndio ule jamaa wa wafalme? Ile ya Pipino wawili? Mzee, huyu kijana ana hadithi, utacheka."

Nikamwangalia Fabian. Nilitegemea atasema hapana. Fabian akaweka kikombe chini.

"Mwambie," akasema. "Mwambie yote."

Nimesimulia hadithi mahali pengi, kwa basi la kampuni, kwa foleni ya benki, lakini ile siku maneno yalikuwa mazito kama mawe ya kujengea. Nikamwambia mzee juu ya mfalme, na jina la babake, na kijana wa kwanza, na nyumba nyingine, na Roma. Nikamwambia vile Papa alimpa mdogo jina la mkubwa. Mzee alikuwa akimpapasa mtoto mgongoni, polepole, na mkono ukasimama. Nikamalizia na uasi na watawa.

"Yule wa kwanza alikuwa amekosa nini?" akauliza.

"Hakuna kitu kimeandikwa, mzee. Mgongo tu."

"Na mfalme? Alijuta?"

"Hiyo pia haijaandikwa. Lakini vijana wote wawili walikufa kabla yake. Mdogo kwanza, mwaka uliofuata mkubwa. Jina la babake likabaki kwa mdomo wake, na hakuna Pipino wa kuitika." Hiyo ya mwisho niliongeza mimi. Nilikuwa nimechangamka.

Valerie alikuwa amesimama kwa mlango wa jikoni na sahani ya mandazi, hakusogea.

Mzee akamwangalia Fabian. "Kwa hivyo hivyo ndivyo umebeba hii kitu. Kwamba nilichukua jina lako nikampa Shaun."

"Sijasema."

"Umemleta kijana aseme."

"Mzee, mimi nimekuja kukusalimia."

"Jina sikuchukua," mzee akasema. "Mama ya Shaun alikuwa na haki ya kunizalia baba. Hata kungekuwa na nyumba ya tatu, kungekuwa na Ngatia wa tatu. Kile nilifanya ni kingine. Na ni kibaya kuliko cha huyo mfalme wenu." Akampa Shaun mtoto. Mikono ikawa haina kitu cha kushika, akaishika yenyewe. "Unakumbuka ndama wa Kirima?"

Fabian akakunja uso. "Ndama gani?"

"Uliacha lango wazi. Ng'ombe wetu wakaingia kwa Kirima wakamaliza kabichi, na ndama wake akakanyagwa akafa. Kirima akaja kunitukana mbele ya watu. Nikachukua kamba ya kukamulia."

"Ah, hiyo." Fabian karibu acheke. "Mzee, nilichapwa mara ngapi utotoni? Hiyo nilisahau kitambo."

"Mimi sikuwa nakuchapa. Mamako ndiye alikuchapa. Mimi sikuwa nimekugusa hata siku moja, kwa sababu ungekuwa ni babangu namchapa. Mtu hainulii babake mkono. Siku hiyo nikainua. Na wewe ulikuwa unalia unasema, 'Baba nisamehe, Baba nisamehe.' Asubuhi ya siku hiyo hiyo ni mimi nilikuwa nimekuita hivyo. Nikasikia sauti ya babangu. Ile yake yenyewe, vile alikuwa anakohoa akiomba maji kabla afe. Nikaachilia kamba." Akaisukuma kofia nyuma. "Kesho yake nilitaka kukuita. Ulikuwa unaosha mtungi. Neno likakataa kutoka. Ningekuita Baba na mgongo wako umevimba kwa mkono wangu? Nikasema Fabian. Nikajiambia, ni kwa leo tu."

 

"Na Shaun?" Fabian akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Shaun sikumgusa kamwe. Niliapa. Ndio maana nikaweza kumwita."

Shaun alikuwa amemshikilia mtoto kifuani. "Na mimi nilidhani hunichapi kwa sababu huna haja na mimi," akasema. "Wenzangu wote walikuwa wanachapwa na baba zao. Mimi nikikosa unatoka nje. Nilikuwa nafikiri kwako ni mgeni. Nilikuwa naona wivu, Fabian, walah. Nasema, yule angalau alichapwa."

Kama si siku ile, ningecheka. Valerie alicheka kidogo halafu akalia, akarudi jikoni.

"Si ungesema," Fabian akamwambia mzee. "Mzee, si ungesema! Miaka hii yote. Hata kwa simu. Mimi nimemnyima mtoto wangu jina lako. Nilifanya makusudi. Unajua nilifanya makusudi?"

"Najua."

"Kwa kitu ambacho hukufanya!"

"Nilifanya. Tu hukujua ni kipi."

"Nitabadilisha. Bradley ni mtoto bado, karatasi zinabadilishwa, tunaenda kwa chifu, kwa ofisi, mahali popote, anaitwa Gatheru."

Mzee akainua mkono. "Wacha. Ameshaitikia Muturi maisha yake yote. Usimvue mtoto jina kwa sababu ya makosa ya wazee. Na Muturi alikuwa mtu mzuri. Alinikopesha fahali mwaka wa kiangazi na hakunidai." Halafu akauliza, kwa upole sana, kama anaomba kitu: "Yukoje? Muturi wako?"

"Ni mrefu," akasema Fabian. "Ana mguu wako. Anatembea kama wewe." Na hapo ndio alianza kulia, yule mtu mkubwa na shati lake la pasi, bila sauti, maji yanashuka tu.

Simu yake ikaanza kulia mfukoni. Akaiacha. Ikalia tena. Nilijua ni nani kabla hajaitoa. Madam: watoto walikuwa wametoka kwa sherehe mapema, wamesimama nje, yuko wapi? Akajibu kwa Kiarabu chake cha kazi, aiwa madam, dakika kidogo madam, na akainuka.

"Kunywa chai kwanza," Valerie akaita.

"Siwezi, shemeji. Siwezi."

Tukawa mlangoni. Fabian alikuwa ameinama anavaa viatu, na mzee akaja akasimama juu yake, kofia ya sufu kichwani. Nilimwona akifungua mdomo. Nakuapia nilimwona. Fabian pia aliona, kwa sababu alisimamisha mkono kwa kamba ya kiatu akangoja, ameinama vile vile, kama mtu anayengoja kumwagiwa maji. Mzee akaweka mkono kwa mgongo wake, pale katikati. Akauacha hapo.

Simu ikalia tena.

"Nenda," mzee akasema. "Usifutwe kazi."

*

Jumapili, shule ilipofunguliwa tena, Fabian hakufunga macho pale kwa geti. Alikuwa nje ya gari, anatembea, anaongea peke yake. Omondi akaniuliza kama amepandwa na Pipino. Nikamwambia anyamaze, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane akanyamaza, akanirudishia hata kiti changu.

Fabian alikuwa na mpango. Atamwomba Madam Jumatatu asubuhi, ampeleke mzee airport yeye mwenyewe, kwa gari lolote, hata la kuazima, na njiani watakuwa wawili tu, wote viti vya mbele, bila mgeni wa kufanya watu waongee Kiswahili. "Tulikosea kukaa kwa kochi," akaniambia. "Mzee haongei akiangaliwa. Kwa gari watu wanaangalia barabara. Atasema."

Madam si mtu mbaya. Lakini Jumatatu mtoto mmoja alikuwa na daktari wa meno na mama yake Madam alikuwa anatoka Al Khor, na dereva ni mmoja. Alisema la, akaongeza khalas, na khalas ikisemwa huku huwezi kuisukuma. Shaun ndiye alimpeleka mzee.

Hiyo asubuhi Fabian alikuwa barabarani na Madam nyuma na watoto wawili, na sheria ya lile gari ni moja: simu haiguswi likiwa linatembea. Simu ilikuwa pale chini ya redio, uso juu. Ikawaka. Imeandikwa Mzee. Ni mzee mwenyewe, kwa laini ya zamani aliyoazimwa na Shaun, ambayo Fabian alikuwa ameihifadhi kwa jina hilo, anapiga kutoka airport. Fabian aliniambia alihesabu taa za barabarani akitafuta moja nyekundu ya kumsimamisha, na zote zilikuwa kijani, barabara nzima, siku moja tu ya Doha ambayo hakuna foleni. Simu ikalia mpaka ikachoka. Alipopaki kwa daktari wa meno akapiga. Ilikuwa imezimwa.

"Labda alitaka tu kusema kwaheri," nikamwambia. Ilikuwa Jumanne, tulikuwa ndani ya GMC, saa ya kungoja watoto.

"Labda."

"Shaun alikuwa naye. Muulize Shaun alisema nini."

"Nimeuliza. Shaun anasema mzee alisogea mbali kidogo akampa mgongo. Alisimama na simu sikioni muda mrefu, ikawa haijibiwi, akaifunga akamrudishia."

"Basi mpigie yeye! Ameshafika nyumbani. Mpigie sasa hivi, mbele yangu, umuulize alitaka kusema nini."

"Brando, wewe ni mtoto. Nimuulize nini? 'Mzee, ulikuwa unataka kuniita nani?' Hiyo haiulizwi. Ukiiuliza umeiharibu."

Lakini alipiga. Aliweka sauti ya nje bila kukusudia, au labda kwa kukusudia, sijui. Mzee alishika haraka, nyuma yake kuna upepo na mtu anafukuza kuku kwa mayowe.

Waliongea Kikikuyu. Mimi nilishika maneno mawili matatu tu, viazi, mvua, ndege, jina la Muturi mara moja. Fabian aliuliza kitu, mzee akajibu kirefu. Kukawa na kimya, kile kimya cha watu wawili wanaongojeana, na mimi nikawa nimekodolea ile simu macho kana kwamba neno litatokea kwa kioo limeandikwa. Mzee akakohoa. Akasema kitu kifupi. Nikasikia "Fabian" ndani yake, wazi kabisa. Kisha laini ikakatika.

"Amesema nini?"

"Amesema kofia inamtosha," akasema Fabian. "Na chaji imeisha."

Alikaa ameshika usukani, gari limezimwa. Nilitafuta kitu cha kumwambia, mfalme yeyote, mtu yeyote wa zamani ambaye mambo yake yaliishia vizuri, nikapandisha simu nikaishusha, na sikupata. Watoto wakaanza kutoka kwa geti. Akawasha gari, akaniashiria nishuke, na akaenda kuwafungulia mlango.